Orodha Isiyofutwa

Mjukuu wangu Bilonda alikuwa na kazi ambayo mimi sikuweza kumweleza mtu. Majirani zetu wa Kapata, mtaa wa Kolwezi, wakiniuliza, nilisema anafanya kazi ku bureau, ofisi ya kampuni ya mgodi, ndani ya chumba cha baridi, anasemesha mashine. Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo alivyoniambia yeye mwenyewe siku aliporudi kutoka Kinshasa na diploma yake.

"Na mashine inamujibu?" aliniuliza Mama Mbombo. Huyu alikuwa akiuza beignet, maandazi yetu, mbele ya lango letu, na ulimi wake ulikuwa wa moto kuliko mafuta yake.

"Inamujibu."

"Mu Tshiluba ao mu Français?"

"Mu makaratasi," nilisema, na sikudanganya. Kila juma Bilonda alileta nyumbani makaratasi mapana yenye matundu pembeni. Mashine ilikuwa imeandika upande mmoja, na bureau haikuyahitaji tena. Upande wa pili ulikuwa mweupe. Mimi ni mshonaji, na makaratasi yale yalinifaa sana kwa kukata patron, ile karatasi ya kipimo unayoilaza juu ya kitambaa, unaizungushia chaki, halafu unakata. Patron za nusu ya bamama wa Kapata zilikuwa kwangu, zimekunjwa ndani ya katoni chini ya kitanda.

Kisha ukaja mwaka wa tisini na tatu. Mgodi ulikuwa umeanguka, mishahara ilikuwa imekauka, na watu walikuwa wakitafuta wa kumlaumu. Wakatuona sisi, ambao babu zetu waliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Vijana wa Katanga walipita safu kwa safu za nyumba za kampuni, wakipiga milango kwa fimbo: tutoke, twende kwetu. Mimi nilizaliwa Kolwezi. Hiyo kwetu sikuwa nimeiona hata siku moja.

Tulipewa asubuhi moja tu. Mwanangu wa mwisho alikuwa ametangulia Mwene-Ditu, kule Kasai, kututafutia nyumba, kwa hiyo tulitoka watu watatu: mimi, Bilonda, na Elise, mke wa mwanangu huyo, mwenye mimba ya miezi saba. Jirani yetu Kalumba, mtu wa Katanga ya kaskazini, ndiye aliyepokea ufunguo wa nyumba. Alishindwa kunitazama usoni. Lakini Alhamisi ya kwanza alikuja gare, pale kituo cha treni tulipolala, na unga wa bukari, ugali wetu, juu ya baiskeli yake, na nyuma yake amefunga ile katoni.

"Mama Mushiya," alisema, "mushonaji bila patron ataishi namna gani kule mbele?"

Vijana walimpigia miluzi alipopita. Hakugeuka. Alirudi Alhamisi iliyofuata, na nyingine.

Gare ilikuwa imejaa. Watu walilala juu ya mawe ya reli, chini ya maturubai, ndani ya mabehewa, zile wagoni zilizokufa. Treni ilikuja ilipotaka, mara baada ya siku nane, mara baada ya siku kumi na tano, na ilibeba familia hamsini. Sisi tulikuwa familia zaidi ya mia mbili. Ndipo watu wa parokia wakamchagua Tata Ntambwe, aliyekuwa karani wa magazini, ghala ya mgodi, miaka thelathini, atunze orodha. Aliiandika kwa chaki juu ya mlango wa chuma wa wagoni moja isiyotembea tena. Aliyefika mbele aliandikwa juu, aliyefika nyuma aliandikwa chini. Familia ikiondoka, Tata Ntambwe alilowesha kitambaa, akafuta, akapandisha wengine. Familia ikifiwa, aliifuta pia, kwa heshima, kwa sababu mtu hapandi treni na maiti yake haijamaliza siku tatu kaburini. Anakaa matanga kwanza. Matanga yakiisha, Tata Ntambwe alimtafutia nafasi tena pale mlangoni, alipoweza.

Juma la pili treni ilikuja. Tata Ntambwe alisoma majina hamsini kwa sauti yake ya karani, na Kanku, fundi wa viatu, hakusikia lake. Alikuwa wa ishirini. Kila mtu alijua kwamba alikuwa wa ishirini, maana alikuwa akijisifu kila asubuhi.

"Nani alinifuta?" alipiga kelele. "Tata Ntambwe, nani alikupatia nini ili unifute?"

"Mi sikukufuta, Kanku. Ninaapa mbele ya Mungu."

"Jina yangu iko na miguu?"

Labda ilikuwa mvua. Labda ilikuwa mgongo wa mtoto aliyeegemea. Labda Tata Ntambwe alimfuta siku alipomfuta wa kumi na tisa. Hakuna aliyejua, na hakuna ambaye angeweza kujua, kwa sababu mlango ulikuwa na orodha ya siku ile tu. Treni iliondoka. Kanku akabaki na mke na watoto wanne, na watu wakaanza kumtazama Tata Ntambwe kwa jicho baya.

Usiku ule sikupata usingizi. Miguu ya Elise ilikuwa imevimba. Masista wa dispensaire, ile zahanati, walikuwa wameniambia pembeni, "Mama, huyu asizalie hapa gare." Hawakuhitaji kueleza. Watoto wawili walikuwa wamezaliwa pale, na hakuna aliyefikisha Jumapili yake ya pili. Sisi tulikuwa karibu na jina la tisini. Kama majina yanaweza kupotea hivi hivi, Elise wangu angezalia wapi?

Asubuhi Bilonda alisimama mbele ya ule mlango.

"Tata Ntambwe, ninaomba ruhusa."

"Sema, mwana."

"Kosa haiko ya weye. Iko ya kitambaa."

Watu walicheka. Kanku hakucheka. "Kitambaa njo ilitoka mu mukono yake usiku ikakuya kunifuta?"

"Tata Kanku, mutu akifuta, kile kilikuwa mbele kinapotea. Kesho hatuna fasi ya kurudia. Kule ku bureau kuko luga za namna mbili za kusemesha mashine. Ya kwanza iko sawa vile huu mulango. Unaandika, unafuta, unaandika tena pa fasi ile ile. Ya pili inaitwa fonctionnel. Mule ndani kila valeur iko immuable, na fonction inatwaa argument, halafu..."

"Ayaa," alisema Mama Mbombo, ambaye alikuwa ameketi juu ya sufuria yake iliyogeuzwa. "Français imefika, mi nalala."

"Mutoto," Kanku alisema, "mi ni fundi wa biatu. Unisemeshe sawa vile kiatu."

Nilimwonea Bilonda huruma. Yeye alikuwa na akili nyingi, lakini maneno yake yote yalikuwa ya chumba cha baridi. Mimi nilikuwa nimeketi juu ya katoni yangu. Nikainuka, nikaifungua.

"Mama Mbombo, robe yako, ile gauni ya Noeli, nilikata na nini?"

"Na patron."

"Na mwaka uliofuata, uliponenepa?"

"Mi sikunenepa. Kitambaa njo ilipunguka."

"Haya, kitambaa ilipopunguka. Nilifanya nini?"

"Uliongeza bidole biwili ku kiuno," alisema, na watu walipocheka akaongeza, "bitatu, basi."

"Niliongezea wapi? Nilikata ile patron ya kwanza?"

"Hapana. Ulitwaa karatasi ingine, ukaandika kipimo kipya kwa kufuata ile ya zamani. Ya zamani ukarudisha mu katoni."

Nilizitoa zote mbili, nikaziweka magotini pake. Jina lake lilikuwa juu ya zote, na mwaka. "Na kama nilikosea mu ile mupya?"

"Unarudia ku ya zamani, unakata tena. Iko muzima."

Bilonda alinitazama kama mtu aliyepewa maji. "Njo vile, Kaku," alisema. Kaku kwa Tshiluba ni babu au bibi, na ndivyo alivyoniita tangu utoto wake. "Njo vile kabisa. Ile luga ya pili ni luga ya mushonaji. Haifute. Ikitaka kitu kipya, inakata kipya kutoka ku kile cha zamani, na cha zamani kinabaki mu katoni."

"Sasa njo nasikia," alisema Kanku. "Na ile neno yako, fonction?"

"Ni ile kazi ya kutoka ku moja kufika ku ingine. Unaipatia patron ya zamani na kipimo, inakurudishia patron mupya. Inaangalia tu kile umeipatia. Haiangalie pembeni, haiulize uko wa nani, haina rafiki."

"Haipokee beignet?" aliuliza Kanku.

"Haipokee. Ukiipatia bitu bile bile, itakurudishia kile kile, leo na kesho, ikifanywa na Tata Ntambwe ao na Mama Mbombo."

"Hata na mi?" alisema Mama Mbombo. "Mi najua kuandika jina yangu tu."

"Unajua kuchagua maharagi?"

"Unanitukana sasa?"

"Ukichagua, mabaya yanatoka. Yenye yanabaki, kila moja unaifanya kazi ile ile: unaosha. Halafu unakusanya yote mu sufuria moja. Kuchagua, kufanya kila moja kazi ile ile, kukusanya. Mule ndani ya ile luga, karibu kila kitu kinatoka mu hizo kazi tatu."

Kanku aliinua mkono kama mwanafunzi. "Ngoja. Maharagi mabaya ametupa. Si umesema hatufute?"

Nilifurahi kumsikia akiuliza hivyo. Mtu anayeuliza hivyo amekwisha kuingia ndani. Bilonda pia alifurahi. "Maharagi, ndiyo, anatupa. Majina hapana. Tutaandika orodha mupya yenye walioondoka hawamo, lakini orodha ya jana itabaki, na mule wako wote. Tata Ntambwe, mlango usiufute tena. Tutwae karatasi. Kila siku tushike orodha ya jana na habari za leo: nani ameondoka, nani ameingia, nani yuko mu matanga, nani amemaliza. Tutoe orodha ya leo. Orodha ya jana na zile habari tunazifunga pamoja, tunatundika. Hakuna mutu anazigusa, hata weye."

Tata Ntambwe alijikuna kidevu. Nadhani neno lile "hata weye" lilimuuma, na pia lilimtua mzigo. "Majina mia mbili kila siku," alisema. "Mukono yangu iko ya muzee."

"Twaa jina ya juu tu. Iandike mu orodha mupya, ao kama habari inasema uiache, iache. Kunja karatasi, ile jina isionekane tena. Kitu gani kinabaki?"

"Orodha."

"Orodha fupi kidogo. Umupatie mwenzako, na yeye afanye kazi ile ile. Jina ya juu, anakunja, anapitisha."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka mutu apewe karatasi yenye haina jina tena. Yeye hafanye kitu. Anasema tu: imeisha. Asiposema, tutazunguka bila kusimama."

"Ile kazi ya kusema imeisha," alisema Mama Mbombo, "munipatie mi. Nimeisomea."

Ndivyo tulivyoanza. Bamama wanane wanaojua kuandika waliketi safu moja juu ya reli, wanane wengine safu ya pili, mgongo kwa mgongo. Kila safu ilipewa nakala ya orodha ya jana na habari zile zile. Karatasi ya jana na ile mpya zilipita pamoja mkono kwa mkono, zikizunguka safu, ya jana ikikunjwa jina kwa jina, mpaka ikafika bila jina kwa Mama Mbombo mwisho wa safu zote mbili, naye akapaza sauti kama anauza beignet: "Imeisha!" Halafu Tata Ntambwe aliweka orodha mbili mpya pamoja, akazisoma. Zikilingana, moja ilibandikwa mlangoni, nyingine ilifungwa na pini zangu za kushonea pamoja na vikaratasi vya habari, ikatundikwa kwenye kamba ndani ya wagoni. Zisipolingana, walirudia. Kanku, ambaye hakukuwa na namna ya kumthibitishia nafasi yake, tulimweka wa kwanza, na hakuna aliyenung'unika.

Makaratasi yalitoka katoni yangu. Bamama wengi wa Kapata walikubali patron zao zigeuzwe ziandikwe mgongoni, katikati ya maandishi ya mashine. "Kiuno changu iko mbele, majina ya bantu iko nyuma," Mama Mbombo alisema kila asubuhi.

Treni nyingine ilikuja baada ya siku tisa na ikabeba hamsini, Kanku akiwa mbele amevaa koti, na hakuna ugomvi uliotokea. Familia nne zilizokuwa mbele yetu zilikuwa matangani wakati ule, wengine walikuwa wamekwenda kwa lori, na sisi tukapanda mpaka jina la thelathini na moja. Sasa ilikuwa hakika: treni ijayo ni yetu. Elise alipoambiwa alilala usingizi mchana kutwa, mara ya kwanza tangu Kapata.

Siku ya Jumatatu uchungu wa uongo ulimshika. Bilonda alimpeleka dispensaire kwa masista, wakakaa huko siku kadhaa. Mimi nilibaki kulinda vyombo. Katika siku hizo, Jumatano, bibi mmoja alifariki upande wa pili wa gare. Alitoka mtaa wa Mutoshi, na jina lake lilikuwa kama langu, Mushiya. Nilikwenda kumlilia, nikarudi. Sikwenda kuangalia mlangoni. Kwa nini niangalie? Niliiamini ile kamba.

Jumamosi asubuhi Bilonda alirudi akimshika Elise mkono. "Masista banasema ni siku chache tu, Kaku," alisema. Hatujamaliza hata kumketisha, tukasikia locomotive.

Watu walisukumana mpaka kwenye mlango. Tata Ntambwe alisoma. Ishirini na tisa, thelathini. "Thelathini na moja, Bakenge." Nikadhani sikusikia vizuri. Thelathini na mbili, tatu, nne. Elise alishika kikwembe, kitenge nilichojifunga, na kukivuta kama mtoto. "Thelathini na tisa," alisoma Tata Ntambwe, "Mushiya wa Mutoshi."

Kijana mmoja aliinuka kutoka penye wafiwa, kichwa kimenyolewa. "Tata, shi tuko mu matanga. Mama hajafikisha siku tatu mu kaburi. Nilikuletea karatasi."

Mimi nikapita katikati ya watu. "Tata Ntambwe. Na mi, Mushiya wa Kapata?"

Alitazama karatasi yake, akanitazama mimi. "Weye uko mu matanga, mama."

"Matanga ya nani?"

Akasoma tena. "Ya weye."

"Ee, marehemu!" alisema Mama Mbombo kutoka nyuma. "Na jana ulikula beignet zangu mbili bila aibu!"

Watu walicheka, lakini mimi nilimtazama Elise. Tata Ntambwe alileta kikaratasi cha Jumatano. Yule kijana, katika uchungu wake, alikuwa ameandika: Mama Mushiya amekufa, tunakaa matanga. Basi. Hakuandika wa wapi. Bamama wa safu zote mbili walimkuta Mushiya wa kwanza, ambaye ni mimi, wakamwacha pembeni kwa heshima, na yule wa pili wakamwandika. Orodha mbili zililingana, na zote mbili zilikosa. Na kwa kuwa hakuna mtu anayemsumbua mfiwa kwa maswali, hakuna aliyekuja kuniuliza.

Mkubwa wa treni alikuwa akipaza sauti: wanafunga wagoni moja nyuma, baada ya hapo wanaondoka.

"Nitakuandika hapa chini," alisema Tata Ntambwe, akichomoa kalamu.

"Chini ni hamsini na moja," nilisema. "Wagoni iko ya hamsini."

"Basi hapa juu." Na watu wa juu wakaanza kunung'unika, na mtu akasema, "Tumerudi ku kitambaa."

"Tata, usiguse ile karatasi," alisema Bilonda. Hakupaza sauti. "Haiwezi kupona kwa kuguswa. Tuletee ya Jumanne."

"Treni inaenda, mwana!"

"Ya Jumanne, Tata. Na habari za Jumatano, Alhamisi, Ijumaa na leo."

Akaleta. Pini zangu zilikuwa bado zimeshika. Ile ya Jumanne ilikuwa vile vile ilivyoandikwa: thelathini na moja, Mushiya, Kapata, watu watatu. Nilipoona jina langu pale, hai, katika mwandiko wa mama mmoja ambaye hata sikumjua, machozi yalinitoka. Bilonda aliandika kikaratasi kipya: Mushiya wa Mutoshi amekufa, familia iko matangani. Kile cha kijana alikiacha pembeni, hakukichana. "Habari tu njo ilikuwa na kosa," aliwaambia bamama. "Kazi yenu haikuwa na kosa. Fanyeni ile ile."

Wakaketi kwenye reli, nane na nane. Sijawahi kuona mikono ikienda hivyo. Jumanne ikatoa Jumatano. "Imeisha!" Jumatano ikatoa Alhamisi. "Imeisha!" Mama Mbombo alikuwa akiita kabla karatasi haijamfikia vizuri, na Bilonda akimkemea: "Angalia kwanza, mama, angalia!" Ijumaa. Elise alikuwa ameketi juu ya katoni yangu, mikono miwili chini ya tumbo, akihesabu pumzi zake. Wanaume walikuwa wakipiga nyundo kwenye mnyororo wa ile wagoni ya mwisho. Nilitazama nyundo, nilitazama karatasi, nikaacha kutazama, nikafumba macho.

"Imeisha!"

Tata Ntambwe aliweka zile mbili pamoja, akazisoma kwa kidole. Zililingana. "Thelathini na moja," alisoma, na sauti ya karani ilikuwa imemrudia, "Mushiya wa Kapata. Watu watatu."

Na zaidi ya hapo, hakuna mtu aliyesukumwa nje. Mushiya mmoja alikuwa ameingia na mwingine ametoka, na wa hamsini alibaki wa hamsini. Mwanamke wa nafasi hiyo, aliyekuwa ameshika watoto wake kama mtu anayengoja kupigwa, alikaa chini kwenye mawe akacheka peke yake.

Yule kijana wa Mutoshi alimfuata Bilonda. "Na shi? Matanga ikiisha, tunaenda chini?"

"Hapana, ndugu. Ya Jumanne inajua fasi yenu. Mukimaliza kulia, Tata Ntambwe ataandika habari moja, na mutarudi pale pale."

Alimshukuru kwa mikono miwili. Mimi nilimkumbatia, nikamwambia mama yake apumzike, na kwamba nitalibeba jina letu sote wawili.

Wakatupandisha. Kalumba hakuwepo kutuaga, haikuwa Alhamisi. Nilimwachia Tata Ntambwe robo ya patron zilizobaki, apate makaratasi, na ujumbe ampe Kalumba pamoja na mkono wangu. Mama Mbombo alipanda pamoja nasi, alikuwa wa arobaini na nne, na kabla treni haijatikisika alikuwa amekwisha kupata mahali pazuri pa kuketi kuliko sote.

Kolwezi ilirudi nyuma, na ile milima ya udongo uliochimbwa. Nililia kidogo. Nilikuwa nimezikwa kwenye karatasi na kufufuliwa asubuhi moja, na mwili ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyetoka homani. Elise alilaza miguu yake iliyovimba juu ya mapaja yangu, nikaisugua. Mjukuu alizaliwa siku ya sita, Mwene-Ditu, ndani ya nyumba yenye mlango, mikononi mwa mkunga. Msichana. Jumapili yake ya pili tulimpeleka kanisani, na ya tatu, na ya nne.

Lakini siku ile hatukujua hayo bado. Tulijua tu kwamba tuko ndani. Tulipofika Tenke treni ilisimama kunywa maji, na Mama Mbombo akatoa beignet zilizobaki, za jana, ngumu kama kokoto.

"Kula, marehemu," aliniambia.

Nikala. Kisha nikamwuliza Bilonda jambo lililokuwa linanisumbua tangu Kolwezi.

"Ile karatasi ya kosa, yenye haina jina yangu. Muliitupa?"

"Hapana, Kaku. Tata Ntambwe aliitundika pamoja na zingine."

"Basi kule gare kuko karatasi yenye inasema nimekufa."

"Iko. Na ingine pembeni yake yenye inasema uko muzima, thelathini na moja, watu watatu. Mutu akiuliza, ataona zote mbili, na ataona ilikuwa namna gani."

Nilifikiri jambo hilo. Hapo zamani, pale kwenye mlango wa chaki, ningetaka lifutwe upesi sana. Sasa halikunisumbua.

"Iache," nilisema. "Hainifanye kitu."

Elise alikuwa amelala. Nilivuta kikwembe nikamfunika miguu.